Kufuli Kakamega, Ufunguo Kisumu

Mtu aliyekaa Kakamega hata kwa mwezi mmoja hahitaji kuelezwa jinsi mvua ya hapa inavyokuja. Asubuhi jua huchoma kana kwamba halina nia ya kuondoka; adhuhuri mawingu huanza kujikusanya upande wa msitu; na ifikapo saa tisa au saa kumi radi hupasua anga, mvua ya mawe ikayapiga mabati hata mwalimu akalazimika kunyamaza katikati ya sentensi. Nguvu za umeme aghalabu hutangulia kuondoka kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Jumamosi moja ya Mei 2019 nilikuwa katika maabara ya kompyuta ya shule niliyokuwa nikifundisha, si mbali na mji, pamoja na wanafunzi 18 wa kidato cha nne. Asiyelifundisha somo hili pengine hajui kwamba mtihani wa kompyuta katika KCSE una karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo, na ya mradi ambao mtahiniwa huujenga kwa miezi kadhaa, hatua kwa hatua, akiandika taarifa ya kila hatua. Vijana wangu walikuwa wakiushughulikia mradi huo tangu saa mbili asubuhi. Saa tisa na dakika kadhaa radi ilipiga, taa zikazimika, viwambo vikawa vyeusi. Hatukushtuka sana, maana umeme hupotea na umeme hurudi. Uliporudi, kompyuta ziliamka moja baada ya nyingine, safi kama siku zilipotolewa kwenye makatoni. Kazi ya siku nzima haikuwapo. Msichana mmoja aliyeketi safu ya mbele alikitazama kiwambo, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, si ulituambia tuhifadhi hapo?"

Ni kweli. Ndimi niliyewaambia. Na kisa cha kuwaambia hivyo ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa kuwa naamini kwamba yaliyotufika siku ile yanaweza kuifika shule yoyote yenye maabara, seva moja na fundi anayeishi mbali.

Katika likizo ya Aprili, fundi tuliyempa kandarasi ya kuutunza mtandao wetu alikuwa amekuja kutoka Kisumu, safari ya kilomita zipatazo 50, akazifunga kompyuta zote. Diski ya kila kompyuta ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C na D. Sehemu ya C, yenye mfumo endeshi na programu, aliiwekea programu ya kuigandisha, yaani lolote litakalotendwa humo hufutika pindi kompyuta inapowashwa upya. Sehemu ya D aliiacha bila kuigandisha ili wanafunzi wahifadhi kazi zao humo. Hadi hapo mpango ulikuwa mzuri, wala sina neno la kuulaumu. Lakini siku hiyo hiyo, fundi huyo huyo aliketi mbele ya seva akaweka sera ya mtandao ya kuificha C isionekane machoni pa wanafunzi. Sasa, sera hiyo huletwa na orodha iliyokwisha kutayarishwa. Katika orodha hiyo kuna chaguo la kuificha C peke yake, na kuna chaguo jingine la kuzificha A, B, C na D kwa pamoja. Fundi alichagua hilo la pili.

Kufuli la kwanza, basi, lilimwambia mwanafunzi: weka mali yako D. Kufuli la pili likamwambia: D haipo. Nilipofungua maabara Jumamosi ile na kuikosa D, nilipiga simu Kisumu mara tatu, haikupokelewa. Wanafunzi walikuwa wameketi wakinisubiri. Nikawaambia wahifadhi kazi yao katika folda ya nyaraka, hapo hapo kwenye C, hadi fundi atakapopatikana. Sikujua kwamba C ilikuwa imegandishwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia, wala hapakuwa na karatasi yoyote ukutani wala katika faili ya ofisi iliyoeleza ni kitu gani kilichofungwa, kwa nini, na kwa amri ya nani.

Msomaji asidhani kwamba mimi ni adui wa makufuli. La hasha. Nimeifundisha kompyuta, au tarakilishi kama wapendavyo kuiita watunzi wa vitabu vyetu vya shule, katika maabara isiyokuwa na kufuli lolote, na nisingependa kurudi huko. Mwanafunzi aliingia na flashi aliyoichomeka jana yake katika saiba mjini, na kabla ya kipindi kwisha kila folda imegeuka kuwa kijinjia cha mkato kisichofungua chochote. Mwingine aliweka nywila yake kwenye kompyuta ya shule, akahamia shule nyingine muhula uliofuata, akaondoka nayo kichwani. Picha ya kwanza ya kiwambo ilibadilishwa kila siku, na si kila picha ilifaa kuonwa na mkaguzi wa shule. Mwalimu mmoja mwenye kompyuta 20 na vipindi 24 kwa wiki hawezi kuzunguka kutoka mashine hadi mashine akirekebisha kilichoharibiwa. Ndipo fikira ya kuziongoza zote kutoka mahali pamoja ikawa si anasa bali dharura.

Na hatari si za watoto watundu peke yao. Kirusi kiitwacho Conficker, kilichogunduliwa mwaka 2008, kilisambaa katika mamilioni ya kompyuta duniani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa flashi hizi hizi zinazojifungua zenyewe zinapochomekwa. Mwezi Mei 2017 kirusi kingine, WannaCry, kilizifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuwadai wenyewe fidia; hospitali nyingi za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. La kusikitisha ni kwamba dawa ya kuuziba ule ufa ilikuwa imetolewa tangu Machi mwaka huo huo. Walionusurika kwa wingi ni wale ambao msimamizi wao aliweza kuisambaza dawa hiyo katika mashine zote kwa amri moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye mashine elfu hawezi kuziba nyufa elfu kwa mkono.

Ujuzi wenyewe wa kuziongoza kompyuta kwa sera una historia yake, nayo si ndefu. Windows NT 4.0, iliyotolewa mwaka 1996, tayari ilikuwa na sera za namna hii, ila zilikuwa na ubaya mmoja: zikishaandikwa katika kompyuta zilibaki humo kama chale mwilini, hata baada ya msimamizi kuziondoa katika seva. Ilipokuja Windows 2000, pamoja na utaratibu uitwao Active Directory, jambo hilo lilirekebishwa kwa sehemu kubwa. Sera ikiondolewa kwenye seva, athari zake nazo huondoka. Tangu hapo mfumo wenyewe haujabadilika sana. Sera zinazohusu mashine husomwa kompyuta inapowaka. Zinazohusu mtumiaji husomwa anapoingia kwa jina na nywila yake. Baadaye kompyuta huirudia seva kila baada ya dakika 90 kuuliza kama kuna amri mpya, ikiongeza dakika kadhaa za kubahatisha, zisizozidi 30, ili mashine zote zisiibishie hodi seva kwa wakati mmoja. Na seva ikizimika, sera haizimiki, kwa kuwa kompyuta huendelea kuishika amri ya mwisho iliyopokea. Ndiyo maana Jumamosi ile, hata seva yenyewe ilipokuwa imelala kwa kukosa umeme, D iliendelea kufichwa.

Hili la mwisho lafaa kutafakariwa na kila mwalimu. Amri iliyotoka kwenye seva haihitaji mtu wa kuisimamia. Haichoki, haisahau, haitazami uso wa mtu. Ikiwa ni sahihi, itakuwa sahihi katika mashine zote 20. Ikiwa ni kosa, itakuwa kosa katika mashine zote 20, kwa wakati mmoja, na kwa uaminifu ule ule. Ulimwengu ulilishuhudia hilo kwa kiwango cha kutisha tarehe 19 Julai 2024, wakati kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, iliposambaza sasisho lenye hitilafu. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, ndege zikakwama, mabenki yakasimama. Kosa lilitoka mahali pamoja kwa muda mfupi sana, lakini kulitengeneza kulihitaji watu wa kuziendea mashine nyingi moja moja, mkono kwa mkono. Tofauti kati ya kisa hicho na chetu ni ukubwa tu. Kampuni ile, walau, ilikuwa na wahandisi waliokesha. Sisi tulikuwa na nambari ya simu isiyopokelewa.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika makala ambayo hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu hufundishwa. Humo walitaja kanuni nane za kuilinda taarifa iliyomo ndani ya kompyuta. Moja imekuwa maarufu mno: kila mtu na kila programu ipewe mamlaka yale tu yanayotosha kazi yake, yasizidi. Kila fundi anaijua hii na huitaja anapozuia jambo. Lakini katika orodha ile ile mna kanuni nyingine isiyotajwa sana, kwamba ulinzi uwe rahisi kutumiwa na ulingane na jinsi mtumiaji mwenyewe anavyoielewa kazi yake, ili aufuate kwa mazoea bila kuona tabu. Hapa petu tumeishika ile ya kwanza kwa mikono miwili, hii ya pili tukaitupa jalalani. Tena hata ile ya kwanza tumeisoma nusu. Kumpa mtu mamlaka yanayotosha kazi yake ni kumpa, si kumnyima tu. Na mwalimu ambaye kazi yake ni kuongoza mradi wa mtihani wa kitaifa hajapewa yanayotosha iwapo hawezi kuonyesha sehemu ya kuhifadhia kazi.

Silabasi yenyewe inatupinga. Mwanafunzi wa somo hili hutakiwa kusoma mfumo endeshi na utunzaji wa diski: jinsi ya kuigawa, kuiandaa upya, kuyapanga mafaili na mafolda ndani yake. Husoma pia usalama wa data, pamoja na nywila na viwango vya ruhusa. Haya yote huyasoma katika chumba ambamo ukurasa wa mipangilio umefichwa, diski hazionekani, na bonyezo la kulia la kipanya halijibu kitu. Ni kama kumfundisha kijana kuogelea ufukoni, kwa ubao na chaki, na mto umezungushiwa ua. Kuhusu karatasi ya vitendo, maelekezo yake kwa miaka mingi yamemtaka mtahiniwa ahifadhi majibu yake katika CD au chombo kingine cha kuhifadhia kinachoondolewa, aandike jina na nambari yake ya mtihani juu yake, wala asitumie nywila anapohifadhi. Tafakari asubuhi ya mtihani huo katika maabara ambayo sera imezuia CD na flashi zote. Msimamizi ameketi, saa inakwenda, watahiniwa wana saa mbili na nusu tu, na mwenye uwezo wa kuliondoa zuio hilo yuko Kisumu akitengeneza kompyuta za mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la fundi mzembe, basi. Siafiki. Fundi wetu hakuwa mzembe, alikuwa mbali. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye hakuwahi kuketi katika maabara yetu saa tisa alasiri, mvua ikinyesha, na vijana 18 wakikimbizana na tarehe ya mwisho. Alijaribu sera yake kwa jina lake mwenyewe, jina la msimamizi, ambalo sera ya wanafunzi haikuligusa. Kwa hiyo yeye aliiona D bila taabu, akafunga begi lake, akapanda matatu.

Wazee wa Kakamega wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Hata hivyo, pamoja na ofisi zote zilizokuwapo hapa, mwalimu aliyetaka kurekebishiwa jambo dogo katika faili yake alilazimika kupanda basi la usiku hadi Nairobi, akalale macho njiani, apange foleni, aambiwe arudi kesho. Amri ilitoka mbali na marekebisho yalikuwa mbali vile vile. Tulipoipitisha Katiba ya 2010 tukauita ugatuzi dawa ya maradhi hayo. Tuna haki ya kubishana kama dawa imefanya kazi. Lakini hakuna anayebishana juu ya maradhi yenyewe.

Basi jambo ambalo wakuu wengi wa shule hawalijui, na ambalo nami sikulijua hadi nilipoumia, ni kwamba mtandao wa kompyuta una ugatuzi wake. Katika Active Directory msimamizi aweza kuunda kitengo, mathalani cha maabara ya wanafunzi, akakitenga na cha ofisi ya mhasibu, kisha akamkabidhi mwalimu mamlaka juu ya kitengo hicho peke yake. Mwalimu huyo ataweza kubadilisha nywila ya mwanafunzi aliyeisahau, au kuiondoa sera fulani kwa muda, au kuirudisha, bila kupewa ufunguo wa seva nzima na bila kuweza kuzigusa hesabu za karo. Kazi hiyo humchukua fundi dakika chache. Haihitaji kununua chochote. Iliwezekana tangu mwaka 2000. Haikufanywa kwetu kwa sababu hakuna aliyeiomba, na hakuna aliyeiomba kwa sababu tulidhani kwamba kufuli la mtandao ni kitu kimoja kisichogawanyika: ama unao ufunguo wote, ama huna kitu.

Chuo kikuu hakina tatizo hili kwa kiwango chetu. Kina idara nzima ya teknolojia ya habari, na mwanafunzi wa Masinde Muliro akifungiwa anajua mlango wa kubisha. Shule za sekondari zilipata mashine kabla ya kupata watu. Zipo zilizopata kompyuta kuukuu zilizotengenezwa upya na shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza kazi mwaka 2002; zipo zilizopata katika mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa miaka ya 2009 na 2010, uliolenga shule 5 katika kila eneobunge kati ya 210 yaliyokuwapo wakati huo, yaani shule 1,050. Kwa shule za msingi zikaja tableti mwaka 2016. Yote yalikuwa mema. Lakini mwalimu wa kompyuta huajiriwa kufundisha, si kutunza seva, na pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuvitunza vifaa, vilitunzwa kwa njia inayojulikana na kila mkuu wa shule mwenye woga wa kuulizwa: vikafungiwa kabatini. Baadhi ya tableti hizo zilikaa ndani ya makabati ya chuma zikiwa nzima kabisa, salama salimini, bila mtoto kuzigusa. Sera inayomzuia mwanafunzi kufanya lolote ni kabati la namna hiyo hiyo, ila halionekani kwa macho.

Narudi sasa kwa wanafunzi wangu, maana hadithi haikuishia Jumamosi.

Waliondoka maabarani siku ile wakiamini kwamba wamepoteza si kazi ya siku moja tu bali hata ile ya muhula wa kwanza, iliyokuwa ndani ya D. Nami niliamini hivyo. Jumapili sikula vizuri. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, mvulana mmoja mkimya alinijia ofisini akaniambia, "Mwalimu, D ipo. Niliandika herufi D na koloni pale juu panapoandikwa anwani ya folda, ikafunguka. Kazi yetu ya muhula wa kwanza yote imo." Nilimfuata hadi maabarani. Ilikuwa kweli. Sera ile, kama nilivyokuja kufahamu, huficha tu alama ya diski. Haizuii mtu kuiingia. Ipo sera nyingine ya kuzuia, na fundi hakuiweka. Tulikuwa tumelia mbele ya pazia tukidhani ni ukuta.

Kazi ya Jumamosi haikupatikana, lakini ya miezi mitatu ilikuwa salama, na wanafunzi 18 walipumua. Tatizo lilikuwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa maabara, lenye muhuri wa shule, lililosema kwamba mwanafunzi yeyote atakayeingilia mipangilio ya kompyuta atarudishwa nyumbani. Habari zilimfikia naibu wa mkuu wa shule kabla ya chai ya saa nne. Nataka kumtendea haki naibu huyo, kwa kuwa hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kwamba sheria haiulizi matokeo. Leo kijana amefungua D akaikuta kazi yake. Kesho mwingine atafungua asichopaswa akakuta mitihani ya mwisho wa muhula. Na tukimsifu wa leo, wa kesho tutamwadhibu kwa kosa gani?

Nilimjibu kwamba hakuvunja kufuli, kwa kuwa hapakuwa na kufuli, alisogeza pazia. Nilimwambia pia kwamba sheria iliyo mlangoni imekataza mipangilio kuingiliwa, na kijana hakubadilisha mpangilio wowote. Aliandika herufi moja na alama moja mahali ambapo kompyuta yenyewe humruhusu kila mtu kuandika. Hayo yote ni kweli. Lakini sikumwambia lile lililokuwa zito zaidi moyoni, kwamba aliyestahili kurudishwa nyumbani, ikiwa ni lazima mtu arudishwe, ni mimi niliyewaamuru wahifadhi kazi mahali nisipopajua. Nilinyamaza. Ofisi ya naibu si mahali pepesi pa kuungama.

Mwafaka uliofikiwa ni wa kishule kabisa. Kijana hakurudishwa nyumbani. Alipewa jioni moja ya kufyeka nyasi. Fundi alikuja Alhamisi. Kubadilisha chaguo lile kutoka A, B, C na D kuwa C peke yake kulimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai tuliyomwandalia. Nilimwomba aniundie kitengo cha maabara na kunikabidhi mamlaka yake, akashangaa kwamba nalijua jambo hilo, akakubali. Nilimwomba pia aandike kwenye karatasi kila sera aliyoiweka na sababu yake, kwa lugha ya kueleweka. Hapo alisita kidogo. Baadhi ya sera hakuikumbuka sababu yake. Aliinakili kutoka shule nyingine, na hiyo nyingine kutoka kwa benki fulani aliyowahi kuifanyia kazi. Hizo tuliziondoa. Nywila kuu ya seva iliwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, katika sefu ya mkuu wa shule. Kompyuta 3 kuukuu tuliziondoa kwenye mtandao, tukaziweka pembeni bila kufuli lolote, ziwe za kujifunzia, kuharibu na kutengeneza.

Jioni ya kufyeka ilikuwa Ijumaa, na nyasi alizopewa zilikuwa nyuma ya maabara ile ile. Saa kumi mvua ikaanza, akakimbilia barazani akasimama chini ya paa, fyekeo mkononi, maji yakimchuruzika. Nilimfungulia mlango. Aliliweka fyekeo nje, akajipangusa mikono kwa sweta, akaja akasimama nyuma ya kiti changu. "Mwalimu," akaniuliza, "hiyo orodha yenye A, B, C na D hasa iko wapi?" Nikamvutia kiti, nikamwonyesha.